Trei ya Jiko la Safari

Barabara inayotoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, Serengeti, haina lami, na makunyanzi yake hulegeza kila boliti iliyokazwa kwa pupa. Fundi mmoja wa Arusha anaijua. Akiletewa trela la kambi linalohitaji trei ya kuvuta, ya kubebea jiko, mtungi wa gesi na masanduku ya vyakula, hagusi mashine ya kuchomelea kabla hajapima. Anapima upana wa ndani mbele, katikati na nyuma, kwa sababu bodi iliyokwisha kutembea porini huwa imepinda. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho anachoandika kwa chaki.

Anakata skwea paipu kwa grenda, anasawazisha kingo kwa tupa, analaza fremu juu ya meza ya chuma. Kona anazishikiza kwanza kwa nukta ndogo za weldi. Kisha anavuta futikamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, na mshazari wa pili vivyo hivyo. Mishazari hiyo isipolingana, anagonga taratibu kwa nyundo mpaka ilingane. Ndipo anachomelea kabisa, akiruka kutoka kona moja kwenda ya mkabala, maana chuma kinapopoa hujivuta, na kikichomwa upande mmoja mfululizo fremu nzima huenda kombo. Kati ya kona na kona anangoja. Hana haraka ya kuujaza muda huo.

Kazi yenyewe iko kwenye reli. Reli za droo za dukani, zenye gololi zilizopakwa grisi, hazitaki: vumbi la nyanda za kusini mwa Serengeti ni laini, asili yake majivu ya volkano, na likichanganyika na grisi hula chuma kama msasa. Yeye hutumia chaneli na beringi namba 6202 zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili, kipenyo cha nje milimita 35. Mbili anazifunga mdomoni mwa trela, chini ya trei. Mbili mkiani mwa trei, zitembee ndani ya chaneli. Trei ikivutwa nje na mzigo wake, za mdomoni hubeba uzito, mkia hutaka kuinuka, na beringi za mkiani huegemea dari ya chaneli kuuzuia. Theluthi ya urefu anaiacha ibaki ndani daima.

Nafasi ndani ya chaneli ni milimita 37. Zile mbili za ziada ndizo ninazozistahi kuliko weldi yoyote. Beringi ikigusa juu na chini kwa pamoja haizunguki, huburuzika; nafasi ikizidi, trei huinama ikitoka.

Ubao wa milimita 18 unafuata, kingo zake zikipakwa vanishi tena na tena kwa kuwa maji huingilia huko. Makomeo ni mawili: la trei ikiwa ndani, na la ikiwa nje, trela linapoegeshwa mteremkoni.

Mwisho anapanga mifuko ya mchanga juu ya trei, anaivuta, anaweka pimamaji. Povu limesogea kidogo kulia. Anashusha mifuko yote, anafungua boliti ya beringi ya mdomoni, anatia washa nyembamba chini ya kishikizo chake, anakaza, kisha anaanza kuipandisha mifuko upya.