Ngumi Iliyozuiwa Isifike

Mtu akisikia kwamba Superman amekutana na Spider-Man, hutaka kwanza kujua nani alimpiga mwenzake. Hamu hiyo ndiyo iliyouza majarida, na ndiyo iliyowatesa watunzi, maana DC, kampuni ya Superman, na Marvel, ya Spider-Man, ni watani wa jadi, na hakuna kampuni ambayo ingekubali kumpeleka shujaa wake akadhalilishwe ugenini. Matokeo yalijulikana kabla kalamu haijagusa karatasi: watapigana kidogo, hakuna atakayeshindwa, kisha wataungana dhidi ya adui. Wasomaji wengi huamini kwamba makubaliano hayo ndiyo yaliyoua utamu wa hadithi hizi. Nashikilia kinyume chake. Vichekesho vyake bora vilizaliwa humohumo ndani ya sharti la sare, kila mara mtunzi alipozishika kanuni za pande zote mbili bila kuzipindisha ili apate kicheko cha haraka.

Tuangalie walivyofanya Gerry Conway na mchoraji Ross Andru mwaka 1976, kampuni hizo zilipotoa kwa pamoja jarida kubwa la Superman na Spider-Man. Spider-Man ana nguvu kuliko binadamu yeyote, lakini ngumi moja ya kweli ya Superman ingemaliza hadithi papo hapo. Dawa ilitoka katika kanuni za Superman mwenyewe: nguvu zake hutokana na jua la manjano, na chini ya jua jekundu hupotea. Basi Lex Luthor, adui wa Superman, akiwa amejificha, anammwagia Spider-Man mionzi ya jua jekundu, na kijana wa New York anaanza kumwangusha mgeni wake bila yeyote kati yao kujua sababu. Hadi hapo ni mapigano tu. Kichekesho kinakuja mionzi inapokwisha. Superman amekwisha kurusha ngumi. Anahisi kuna kitu kimebadilika, anaizuia kabla haijafika, na upepo wake peke yake unamtupa Spider-Man mbali. Huyu anarudi kwa hasira, anatwanga na kutwanga, naye Superman amesimama palepale akimsubiri amalize, huku mikono inayoumia ni ya mpigaji. Halikuhitajika hata neno moja la mzaha. Kurasa kadhaa msomaji ameruhusiwa kuamini kwamba hawa wawili ni sawa kwa sawa, kisha kanuni ileile iliyosimamishwa inarudi mahali pake mbele ya macho yake. Na heshima ya Spider-Man haikupungua, kwa kuwa kupiga mtu asiyepigika, na kuendelea kupiga, ndiyo tabia yake hasa.

Mwaka 1981 Len Wein na José Luis García-López walikabili hesabu ngumu zaidi: Batman, mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu, dhidi ya Hulk. Batman anafyatua gesi ya kulevya. Hulk anabana pumzi. Batman anamrukia na kumpiga teke la tumbo, na jitu linashtuka, linavuta pumzi, gesi inaingia. Wapo waliopinga tangu zamani wakisema teke la binadamu haliwezi kumshtua kiumbe anayestahimili mizinga. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa upande wa misuli sina la kulijibu. Lakini kanuni inayotawala tukio hili ni ya tabia: Batman hushinda kwa kuona kitu kidogo ambacho wengine hawakukiona, na Hulk, pamoja na ukubwa wake wote, hufikiri kama mtoto anayedhani kubana pumzi kunatosha. Mwaka huohuo Superman na Spider-Man walikutana tena, safari hii Clark Kent, yaani Superman, akifanya kazi katika gazeti la Daily Bugle chini ya J. Jonah Jameson, na Peter Parker, yaani Spider-Man, akiwa gazeti la Daily Planet kwa Perry White. Kubadilishana ofisi tu, kila mhariri akibaki na hulka yake, kulitosha kuchekesha.

Ushahidi wa upande wa pili ni mfululizo wa kampuni hizo mbili wa mwaka 1996, ambamo mapambano matano yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Hapo sare ilifutwa, ikaja demokrasia. Kura zikampa Wolverine wa Marvel ushindi dhidi ya Lobo wa DC, na watunzi wakawa na mshindi bila kuwa na njia ya kumfikisha kwenye ushindi. Wakawaingiza wapiganaji nyuma ya kaunta ya baa. Msomaji haoni kitu, kisha Wolverine anainuka na sigara. Yupo atakayesema kwamba hilo nalo linachekesha. Linachekesha, ila kinachochekwa ni mtunzi aliyekwama. Kuhusu Wolverine na Lobo hatujifunzi lolote.

Pingamizi zito zaidi ni majarida ya Amalgam ya 1996 na 1997, yaliyochanganya mashujaa wa pande zote mbili hadi Batman na Wolverine wakawa mtu mmoja, Dark Claw. Huko kanuni zilivunjwa waziwazi na watu walifurahi. Lakini tazama kilichokolea humo: kurasa za barua za wasomaji wa kubuni, wakijadili matoleo yaliyopita ambayo hayakuwahi kuchapishwa. Watunzi walivuruga mashujaa, ila kanuni za jarida lenyewe walizifuata kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu huo ndio uliochekesha.

Kilele cha ufundi huu, kwa maoni yangu, ni JLA/Avengers ya Kurt Busiek na George Pérez, iliyoanza kutoka mwaka 2003, miaka 20 baada ya jaribio la kwanza la kukutanisha makundi haya ya DC na Marvel kuvunjika. Flash wa DC anaingia ulimwengu wa Marvel na kasi yake inatoweka, kwa kuwa chanzo chake hakipo huko. Hawkeye wa Avengers anawashutumu mashujaa wa DC kwamba wameiga Squadron Supreme, kundi ambalo Marvel yenyewe ililitunga kwa kuiga hao hao. Mtu anaweza kulalamika kwamba utani wa namna hiyo ni wa wenyeji tu, na kuhusu Hawkeye ni kweli. Lakini nyundo ya Thor, shujaa wa Marvel, haihitaji kumbukumbu. Kanuni yake ni kwamba asiyestahili haiinui. Katika vita vya mwisho Superman anaishika na kupigana nayo, na kwa dakika hiyo inaonekana DC imeshinda. Vita vikiisha anajaribu tena, nyundo haisogei. Thor anaeleza kwamba baba yake, Odin, aliruhusu kwa sababu ya dharura. Superman amepata heshima yote aliyostahili, nyundo imebaki ya Thor, na msomaji wa kila upande amecheka bila kudai marekebisho.