Mashahidi wa Kitabu Kilichoshtakiwa

Wasomaji wetu, hapana shaka mmepata kusikia maneno ya watu wenye sifa, waandishi na walimu na hata wakuu wa dini, wasemao ya kuwa Serikali isivizuie vitabu vyenye mambo ya watu wazima. Mzazi akisikia neno hilo hushtuka, akauliza, "Je! Watu hawa wenye elimu wanataka uchafu uingie nyumbani mwetu?" Swali hilo ni la haki, wala halifai kudharauliwa. Basi tumeona vema tulichungue kwa kesi moja iliyo mashuhuri sana, iliyosikizwa London mwaka 1960, ili tuyapime maneno ya mashahidi wake, tujue yapi ni mazito na yapi ni mepesi.

Kitabu kilichoshtakiwa ni hadithi ya Mwingereza D. H. Lawrence, iitwayo Lady Chatterley's Lover. Lawrence alikuwa mwana wa mchimba makaa ya mawe. Kitabu hiki alikipiga chapa kwa gharama yake mwenyewe katika mji wa Florence, nchi ya Italia, mwaka 1928, naye akafa mwaka 1930. Habari yake kwa ufupi ni hii: bibi mmoja wa jamaa kubwa ana mume aliyejeruhiwa vitani hata hawezi kutembea wala kuzaa. Bibi huyo ampenda mtunza msitu wa bwana wake, wakazini, na mwisho wa hadithi wanangojea talaka ili waoane. Mwandishi hakuyafunika mambo ya unyumba kwa mafumbo, bali aliyataja kwa maneno yale ambayo watu wenye adabu hawayatamki mbele ya wakubwa wala wadogo. Kwa sababu hiyo kitabu kizima hakikuuzwa wazi katika Uingereza kwa muda wa miaka 30 na zaidi. Kilichouzwa ni kile kilichokatwa maneno.

Yafaa kwanza tuijue sheria, maana wengi huihukumu kesi hii pasipo kuijua. Zamani mahakama za Uingereza zilifuata kipimo kilichowekwa mwaka 1868, na kwa kipimo hicho kitabu kizima kiliweza kuhukumiwa kwa kurasa chache tu. Mwaka 1959 Bunge lilitunga sheria mpya. Mmoja wa waliokazana kuipata ni Roy Jenkins, mjumbe wa Bunge. Sheria ile ilisema kitabu kipimwe chote pia, toka mwanzo hata mwisho, na mwenye kushtakiwa aweza kuwaita watu wenye maarifa waeleze kama kuchapwa kwake kwaleta faida kwa watu. Lakini sheria iyo hiyo ilikusudia pia kuwabana zaidi wale wafanyao biashara ya uchafu mtupu. Kwa hiyo mashahidi tutakaowataja hawakuja kuomba sheria yote ifutwe. Walikuja kusema kwamba kitabu hiki kimoja si katika jamii ya vitu vile.

Mwenye kushtakiwa ni kampuni ya Penguin Books, iliyoanzishwa na Allen Lane mwaka 1935 ili watu wa kipato kidogo wapate vitabu vyema kwa peni 6. Ulipotimia mwaka wa 30 tangu Lawrence kufa, kampuni ilichapa nakala 200,000 za kitabu kizima, na bei yake ni shilingi 3 na peni 6. Haikuziuza kwa siri. Iliwapa polisi nakala 12, kisha ikangoja mashtaka. Kesi ikaanza tarehe 20 Oktoba 1960 katika mahakama kuu ya jinai iitwayo Old Bailey, mbele ya Jaji Byrne na watu 12 wa kawaida wenye kukata shauri, wanaume 9 na wanawake 3. Hao 12 walipewa kitabu wakisome papo hapo katika chumba cha mahakama, wala hawakuruhusiwa kwenda nacho nyumbani.

Wakili wa Serikali, Mervyn Griffith-Jones, alikuwa ameyahesabu maneno mabaya ya kitabu, moja moja, akawasomea wale 12 hesabu yake. Kisha akawauliza neno ambalo limekumbukwa kuliko yote aliyoyanena: je, hiki ni kitabu ambacho mngependa hata wake zenu au watumishi wenu wakisome?

Natukae kidogo katika swali hilo, maana ndani yake mna kiini cha shauri lote. Wakili hakuuliza kama kitabu kingemharibu yeye mwenyewe. Alikuwa amekisoma toka mwanzo hata mwisho, tena alikuwa amehesabu maneno yake, wala hakudhani hata kidogo kwamba ameharibika. Hofu yake ilikuwa juu ya wengine, yaani mke na mtumishi. Na sisi tulio wana wa nchi zilizotawaliwa twakifahamu vizuri kipimo hicho. Katika Kenya na makoloni mengine ya Waingereza Afrika wakaguzi wa sinema waliziruhusu picha nyingine zionyeshwe kwa Wazungu, na picha zizo hizo wakawakataza Waafrika. Aliyesemwa kuwa hana akili ya kutazama ndiye mtumishi yule yule wa swali la London. Mtu akijitwalia kazi ya kuwachagulia wengine la kusoma, na tuangalie amejiweka wapi yeye mwenyewe. Aghalabu tutamkuta amesimama nje ya sheria yake.

Tena katika kesi hiyo hiyo mna jambo la kuchekesha. Kitabu alichokitumia jaji alikuwa amekisoma kwanza mke wake, Bibi Dorothy Byrne, akazitia alama zile sehemu zenye mambo na kumwandikia bwana wake orodha ya kurasa. Nakala hiyo, pamoja na mfuko wa kitambaa uliokuwa ukiificha machoni pa waandishi wa magazeti, ipo mpaka leo, nayo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Bristol. Hivyo wakili alipokuwa akiuliza kama mke wa mtu akisome, mke wa jaji alikuwa amekwisha kukisoma, tena alikuwa amemsaidia mumewe kazi.

Sasa tuje kwa mashahidi wenyewe. Walikuwa 35. Miongoni mwao walikuwapo waandishi E. M. Forster na Rebecca West, na Helen Gardner, mwalimu wa Oxford, na Richard Hoggart, mwalimu wa Leicester. Alikuwapo Bernardine Wall, msichana wa miaka 21 aliyelelewa katika dini ya Kikatoliki. Alikuwapo pia mkuu wa shule, Francis Cammaerts, aliyefanya kazi ya siri ya hatari katika Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ambaye katika miaka ya 1960 alikuja Nairobi kuwa profesa wa elimu. Watu kama hawa hawakuwa na haja ya fedha ya kitabu, wala hawakuwa wapenda uchafu. Upande wa Serikali haukumleta mtu wa elimu hata mmoja wa kuwajibu.

Neno lao zito lilikuwa hili: kitabu kisomwe chote. Anayehesabu maneno mabaya hasomi, kama vile ahesabuye misumari ya nyumba hawezi kutuambia kama nyumba yafaa kukaliwa na watu. Walionyesha kwamba Lawrence alichukizwa na mapenzi yasiyo na heshima, na kwamba shabaha yake ilikuwa kuyarudishia heshima mambo ya mwili ambayo watu wa wakati wake waliyafanya mzaha au aibu. Msomaji aweza kumkatalia, lakini ili amkatalie hana budi kwanza kumsikiliza. Katika neno hili twaona mashahidi walisema kweli, nao walistahili kushinda.

Walakini si maneno yao yote yaliyokuwa mazito, na hapa ndipo tunapowalaumu. Hoggart alisema kitabu kina wema mwingi, hata kama ni kukosea basi kimekosea kwa ukali wa maadili. Naye John Robinson, Askofu wa Woolwich, alikiri kwamba Lawrence hakuwa na mafundisho ya Kikristo katika jambo hili, lakini akasema alijaribu kuyaonyesha mambo ya mume na mke kuwa matakatifu. Alipoulizwa kama ni kitabu ambacho Wakristo yawapasa kukisoma, alijibu kwamba ndivyo. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alimkaripia hadharani.

Sisi hatumlaumu Askofu Robinson kwa kusimama mahakamani. Alikwenda kwa moyo mweupe, naye alijua atasemwa. Twamlaumu kwa sababu alivuka mpaka wa swali. Mahakama ilitaka kujua kama kitabu kistahili kuzuiwa, naye akajibu kama kwamba imeulizwa kuwa chafaa kufundishiwa. Watu wale wawili waliokutana msituni, mmoja wao alikuwa mke wa mtu mwingine, na mume yule alikuwa kilema katika kiti chake. Mwandishi hamhurumii hata kidogo. Msomaji mwenye moyo hana budi kuliona kosa hilo, nalo si kosa la maneno mabaya. Ni kosa la hadithi yenyewe. Shahidi mkweli angaliweza kulitaja, kisha akasema, "Hata hivyo kisizuiwe."

Kosa hilo la kusifu kupita kiasi liliwarudia baadaye. Mwaka 1962 John Sparrow, mkuu wa chuo cha All Souls huko Oxford, aliandika makala akionyesha kwamba kitabuni mna mahali paelezapo tendo ambalo mashahidi hawakulitaja hata kidogo walipokuwa wakikisifu. Ama hawakuliona, ama waliliona wakalinyamazia. Hapo adui zao wakapata neno la kusema. Wakili mwenye kesi njema aharibu kesi yake akiipamba.

Tarehe 2 Novemba 1960 wale 12 walikaa faraghani kama saa 3, wakatoka wakasema kampuni haina hatia. Siku kitabu kilipotolewa madukani, nakala zote 200,000 zilinunuliwa. Je! Wote walionunua walitaka kujua fikira za Lawrence? Hapana. Marufuku ya miaka 30 ilikuwa imekipigia ngoma kitabu kuliko tangazo lo lote. Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini kitu kilichopigwa marufuku, kiwe kizuri au kibaya, hakina haja ya kujitembeza, maana watu hukifuata wenyewe.

Wako waliohofu kwamba kupitia mlango ule uliofunguliwa kwa Lawrence wameingia wengine wasio na fikira yo yote ila tamaa ya fedha. Mwandishi Pamela Hansford Johnson, mwaka 1967, baada ya kuhudhuria kesi ya mauaji ya watoto iliyowatia watu uchungu mwingi, aliandika kitabu akiuliza kama ni salama kila kitu kisomwe na kila mtu. Hofu yake hatuiiti ujinga. Wale wanaopinga kuzuiwa kwa vitabu huipita hofu hiyo haraka mno, kana kwamba maandishi yaweza kumjenga mtu lakini hayawezi kumbomoa. Mwalimu ye yote ajua kwamba si kweli. Kama kitabu chema chaweza kumgeuza kijana, na kibaya chaweza vile vile.

Basi tuseme nini? John Milton, alipoandika Areopagitica mwaka 1644 kulipinga Bunge lililotaka kila kitabu kipate kibali kabla ya kuchapwa, aliwakumbusha watu habari za Waefeso katika Matendo ya Mitume. Watu wale walichoma vitabu vyao vya uganga, na thamani yake ilikuwa vipande vya fedha 50,000. Lakini hapakuwa na liwali aliyewaamuru. Walileta vitabu vyao wenyewe, kwa kuwa mioyo yao ilikuwa imegeuka. Twaona Milton alisoma vizuri. Kitabu kinachochomwa na mwenyewe kimekwisha nguvu zake kabisa. Kinachochomwa na askari, jirani atakitafuta kingine usiku.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, tukimsikia mtu mkubwa akitetea kitabu cha mambo ya watu wazima, tusimwite mchafu kwa sababu hiyo, wala tusimwamini kwa sababu ana jina. Tumwulize maneno matatu. Je! Amekisoma chote? Je! Asema tu kwamba kisizuiwe, au asema pia kwamba ni chema? Maana hayo ni mambo mawili, na la pili lataka ushahidi wake peke yake. Na tatu, je! Awakumbuka watoto? Mashahidi wa 1960 waliwatetea watu wazima, nao walifanya haki. Mtoto hakuwa katika shauri lao, wala haki ya mtu mzima kusoma haimwondolei mzazi kazi yake.

Na kazi hiyo leo ni kubwa kuliko siku zile. Picha ambazo Lawrence mwenyewe angalizikimbia zaingia katika simu ya mkononi ya kijana wa kijijini, na hapana jaji wala polisi awezaye kuusimamia mlango huo mchana na usiku. Samaki hukunjwa angali mbichi. Kijana aliyefundishwa na wazazi wake, kwa maneno ya wazi na ya heshima, mwili ni nini na ndoa ni nini, ataujua uchafu akiuona, kwa kuwa amekwisha kukijua kilicho safi. Lakini yule aliyeambiwa "nyamaza" kila alipouliza, atakwenda kuuliza kwingine; na huko kwingine hapana askofu wala mwalimu wa kumjibu.