Baba Yaga na Moto wa Vasilisa

Mwanafunzi wa Kiswahili akutanapo mara ya kwanza na jina la Baba Yaga hudhani ni la mwanamume. Sivyo. Katika Kirusi “baba” ni mwanamke, hasa wa shamba au aliyekwisha zeeka. Naye huyu ni ajuza mla watu wa ngano za Waslavi. Hukaa msituni katika kibanda kisimamacho juu ya miguu ya kuku, husafiri ndani ya kinu akikisukuma kwa mchi, na hufuta nyayo zake kwa ufagio.

Hata hivyo, ajuza huyu huyu huwafaa watu. Vladimir Propp, katika kitabu chake cha 1946 juu ya asili ya ngano hizo, alizitenga sura zake tatu: mtoaji, mtekaji na mpiganaji. Mgawanyo huo wafaa, lakini hautoshi. Katika ngano ya Vasilisa Mrembo, iliyomo katika mkusanyo wa Aleksandr Afanasyev wa 1855 hadi 1863, mtishaji na mtoaji ni mmoja.

Vasilisa atumwa na jamaa zake wa kambo kwenda kuomba moto. Baba Yaga ampa kazi nyingi: apike, afue, achambue nafaka punje kwa punje, akishindwa, ataliwa. Kazi zote zamalizika. Ni rahisi kufundisha hapa kwamba bidii hulipwa, lakini hadithi yenyewe yakataa. Kazi hizo, isipokuwa kupika, zilifanywa na mwanasesere aliyeachiwa na marehemu mama yake. Tena Baba Yaga, aliposikia kuwa binti asaidiwa na baraka za mama, hakumsifu. Alimsukuma nje, kwani hawataki waliobarikiwa nyumbani mwake. Ndipo akampa moto ndani ya fuvu la mtu. Moto huo ulimwangazia Vasilisa njia, kisha ukamteketeza mama wa kambo na binti zake.

Je, huo ni wema? Sisi twaona kuwa Baba Yaga hatoi kwa huruma wala haadhibu kwa haki. Alitoa kilichoombwa, nacho kikamfikia kila mmoja kwa kadiri ya moyo wake. Kwa hiyo kumwita “mchawi” au “zimwi” na kuishia hapo ni kumpunguza. Darasani tusiulize kama ni mwema au mwovu. Tuulize: kwa nini moto mmoja umemulika huyu na kuwaunguza wale?