Zohali Kaloleni: Kukisoma Kigango kwa Elimu ya Nujumu

Nujumu ni elimu ya kumsoma mwanadamu kwa nyota, na katika pwani ya Afrika Mashariki imeishi kwa muda mrefu bega kwa bega na falaki, ambayo ni elimu ya kupima mwendo wa jua, mwezi na sayari kwa ajili ya nyakati za sala, mwandamo wa mwezi na misimu ya kilimo. Falaki huhesabu, nujumu hufasiri. Mnajimu huanza na buruji 12, yaani mafungu 12 yaliyo sawa ya njia ambayo jua huonekana kuifuata angani mwaka mzima, kutoka Kondoo na Ng'ombe hadi Ndoo na Samaki, kisha huzitazama sayari zinavyoingia na kutoka katika buruji hizo. Mteja asiyejua siku yake ya kuzaliwa hafukuzwi, kwa kuwa jina lake na la mama yake huhesabiwa kwa thamani za herufi za abjadi, jumla ikagawanywa kwa 12, na baki ikawa ndiyo nyota yake. Katika kazi hiyo yote mnajimu hatafuti sura ya mtu huyo, bali umbo la kale ambalo wengi wamewahi kulivaa kabla yake: mzee, shujaa, mapacha, mama, mpima haki. Wahakiki huliita umbo la namna hiyo kikale, na Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi aliyefariki mwaka 1961, alijenga juu ya vikale nadharia nzima ya tabaka la nafsi ambalo wanadamu wote hulishiriki. Sanaa ya uchongaji ya pwani iliyo karibu zaidi na njia hii ya kumjua mtu inapatikana mashambani, katika minazi na vichaka vya Kaloleni, nayo ni sanaa ya kigango.

Kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali ambacho mtu huingia kwa kutoa karamu za chakula na mnazi kwa wale waliomtangulia. Wamijikenda kadhaa wanacho, lakini Wagiriama ndio waliokikuza zaidi, na Kaloleni, iliyo katika Kaunti ya Kilifi, ndiyo nchi yao ya asili, kwa kuwa humo mna Kaya Fungo, msitu mtakatifu uitwao pia Kaya Giriama, ambao Waingereza waliulipua kwa baruti mwaka 1914 baada ya upinzani ulioongozwa na Mekatilili wa Menza, na ambao tangu mwaka 2008 umo, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama, alieleza jinsi minazi, mnazi unaogemwa na ushahidi wa wazee vilivyoshikamana katika umiliki wa ardhi. Na kigango kimesimama katikati ya mambo hayo hayo, kwa sababu anayechongewa ni mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito mipaka ya shamba ilipogombewa. Marehemu ambaye hakuwa mgohu huwekewa kijiti kidogo kisicho na nakshi nyingi, kiitwacho koma, jina ambalo ndilo pia la mzimu wenyewe.

Inafaa kukitazama kigango kwa karibu, maana ufundi wake uko katika mambo machache yaliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Fundi huchagua mti mgumu ambao mchwa hawaushindi upesi, mathalani muhuhu, akauchonga kwa tezo hadi uwe ubao mnene ulionyooka, mrefu kuanzia kimo cha mtoto hadi kupita kimo cha mtu mzima. Juu hukaa kichwa, ambacho pengine ni duara bapa lenye alama chache za macho, pua na kinywa, na pengine ni kichwa kamili kilichozungukwa na patasi pande zote. Kisha shingo nyembamba, halafu kiwiliwili kirefu kisicho na mikono wala miguu. Nakshi karibu zote zimo katika kiwiliwili hicho. Kila pembetatu ndogo hutokana na mikato mitatu inayolala kuelekea katikati, hivyo kwamba mbao hung'oka kipande kimoja na kuacha shimo lenye kingo kali. Pembetatu hizo hupangwa safu kwa safu kando ya ubao, ncha ikielekea ncha, na hapa na pale hukatizwa na ua la duara lililochorwa kwa mikato iyo hiyo. Mashimo hujazwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Jua la asubuhi likiingia kwa mshazari, kivuli hukaa ndani ya kila shimo, na ubao ambao adhuhuri ulionekana bapa huonekana una kina. Mkono ukipotea katika safu moja, safu zote zinazofuata hupotea nao, na hakuna gundi wala rangi inayoweza kuficha kosa hilo. Ndiyo maana utulivu wa mkono wa fundi huyu unastahili sifa ileile wanayopewa mafundi wa milango ya Lamu, ambao wametajwa sana huku yeye akisahauliwa.

Katika kazi hii yote hakuna juhudi ya kumfananisha marehemu. Aliyekuwa mnene hachongwi mnene, wala aliyekuwa kilema hachongwi kilema. Mtazamaji aliyezoea sanamu za viongozi zilizosimikwa mijini, ambazo husifiwa au kulaumiwa kwa kadiri zinavyofanana na wenyewe, anaweza kuudhani huu ni upungufu, na wako walioandika hivyo zamani. Lakini ni uamuzi, tena uamuzi wa fundi anayejua kwamba mtu aliyekufa hahitaji tena uso wake, anahitaji cheo chake. Hapo ndipo nujumu inapoanza kufaa kama lugha ya kufasiria.

Sayari ambayo kigango kinaiita kwa nguvu kuliko zote ni Zohali. Katika elimu waliyoipokea wanajimu wa pwani kutoka kwa Waarabu, Zohali ni sayari ya mbali na ya mwendo mzito, kavu na baridi, bwana wa wazee, wa ardhi na wakulima, wa mipaka, wa mifupa na makaburi. Huchukua takriban miaka 29 na nusu kuzunguka buruji zote 12, muda ambao mtoto huwa mtu mzima mwenye watoto wake, na kwa hiyo ndiyo sayari inayopima kizazi. Sifa hizo zikiwekwa kando ya kigango hulingana nacho moja baada ya nyingine: mzee, ardhi, mpaka, kaburi, subira ya mti mgumu, ukavu wa umbo lisilo na mkunjo wa nyama. Kigango hakitengenezwi upya kinapochakaa, bali huachwa kipasuke kwa jua na mvua, kififie rangi, kiiname, na mwisho kianguke kwa wakati wake.

Kuna jambo jingine lenye uzito zaidi. Wanajimu huihesabu Zohali kuwa nuhusi kubwa, yaani sayari yenye kuleta shari, kama wanavyoihesabu Mushtara kuwa saadi kubwa, yenye kuleta heri. Lakini mnajimu hodari hafundishi kuikimbia Zohali, hufundisha kuitambua na kuipa haki yake, kwa maana shari yake huzidi inapodharauliwa. Koma ya mgohu huenda kwa kanuni hiyo. Marehemu aliyesahauliwa humjia jamaa yake katika ndoto, au huleta ugonjwa na ukame nyumbani. Mganga wa mburuga, ambaye kazi yake ni kupiga bao na kutambua chanzo cha taabu, husema ni nani anayedai na anadai nini. Na ikiwa anadai kigango, jamaa hutafuta fundi. Kigango kikishasimikwa, kikamwagiwa mnazi na kupewa chakula, aliyekuwa chanzo cha taabu huwa mlinzi wa boma. Kikale cha mzee mkali anayegeuka kuwa mlinzi akiheshimiwa ni kikale cha Zohali hasa, na ni vigumu kupata sanaa nyingine ya pwani inayokionyesha kwa uwazi kama huu.

Vitambaa vinavyofungwa kwenye nguzo vinauongezea usomaji huu nguvu. Rangi tatu za jadi katika uganga wa pwani ni nyeusi ya kaniki, nyekundu ya bendera na nyeupe ya bafta, na katika nujumu nyeusi ni ya Zohali, nyekundu ni ya Mirihi, sayari ya vita na damu, na nyeupe ni ya Mwezi, mwenye maji na malezi. Kichwa cha duara, kwa upande wake, hakiwezi kutazamwa bila kulifikiria Jua, na ulinganifu wa nakshi za kulia na kushoto humkumbusha msomaji buruji ya Mizani, ambamo wanajimu husema Zohali hupata utukufu wake wa juu kabisa. Hayo yanatosha kutajwa tu; mfasiri akianza kuitafutia kila pembetatu nyota yake, atakuwa ameacha kukiangalia kigango na kuanza kujiangalia mwenyewe.

Hapana budi kusema wazi kwamba Wagiriama hawadai kuwa kigango kilichongwa kwa kufuata buruji. Wana hesabu zao za nyakati, ikiwemo juma la siku nne ambalo siku yake ya mapumziko ni Jumwa, na mvua zao walizisubiri kwa kuangalia Kilimia, kundi la nyota ambalo kutoweka na kurudi kwake kuliwaongoza wakulima wengi wa Afrika Mashariki. Hata hivyo nujumu si mgeni wa jana katika nchi yao. Malindi, Mambrui na Takaungu zimekuwa jirani zao wa biashara na ndoa kwa vizazi, na Parkin huyo huyo aliandika kuhusu wale wanaoitwa mahaji, Wagiriama walioingia Uislamu kwa sababu pepo waliowapagaa walidai hivyo, na ambao kwa njia hiyo walikaa mpakani mwa mburuga na kitabu. Mtu wa Kaloleni anayeumwa amekuwa na hiari ya kwenda kwa huyu au kwa yule, na mara nyingi kwa wote wawili. Kukisoma kigango kwa nujumu, basi, ni kufanya kwa makusudi jambo ambalo watu wa pwani wamekuwa wakilifanya kwa haja.

Faida kubwa ya usomaji huu, hata hivyo, hutokea pale unapofikia kipengele ambacho magazeti yanayochapa utabiri wa nyota hayakigusi. Buruji ya kuzaliwa peke yake ni nusu ya habari. Mnajimu kamili hutaka pia tali, yaani buruji iliyokuwa ikichomoza katika upeo wa mashariki saa ile mtu alipozaliwa, na tali haipatikani bila kujua mahali, kwa sababu upeo wa Kaloleni si upeo wa Maskati wala wa London. Watoto wawili waliozaliwa dakika moja katika nchi mbili wanaweza kuwa na buruji moja na tali tofauti, na kwa mnajimu hao ni watu wawili mbalimbali. Kigango nacho kina buruji na tali. Buruji yake ni cheo: mgohu, mzee, mtu wa Zohali, na hiyo yaweza kusomwa popote, hata katika picha. Tali yake ni boma lile, shamba lile, jamaa wale wanaojua jina la aliyesimikiwa na ndoto iliyomdai. Kwa sababu hiyo desturi inakataza kigango kung'olewa. Jamaa wakihamia shamba jipya, hukiacha kilipo, na kule wanakokwenda husimika kibao, nguzo ndogo inayomwezesha marehemu kuwafuata bila ya kuondolewa mahali pake.

Kuanzia miaka ya 1970 biashara ya sanaa ilivunja desturi hiyo kwa nguvu. Vigango viliibwa usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikafika katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani, na huko vikasifiwa kwa umbo lao na kuwekwa ukutani kama kazi ya mchongaji asiyejulikana. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Baada ya muda mfupi vikaibwa vyote viwili. Miaka mingi baadaye Udvardy na mwenzake Linda Giles walivitambua, kimoja katika mkusanyo wa chuo kikuu cha jimbo la Illinois, kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na kufikia mwaka 2007 vilikuwa vimerudishwa Kenya. Ni Mapacha waliotenganishwa: kila kimoja kilikuwa na nakshi zake kamili, na bado nusu ya maana yake ilikuwa imesimama katika jimbo jingine. Kilichowezesha kurudi kwao ni ile picha, iliyohifadhi mahali na jamaa, yaani tali.

Makumbusho ya Mambo ya Asili na Sayansi ya Denver nayo ilitangaza mwaka 2014 kuvirudisha vigango 30 ilivyopewa na wafadhili, na vilifika Kenya mwaka 2019. Hivyo havikuwa na picha ya namna hiyo, wala kumbukumbu ya maboma vilimong'olewa haikuandikwa na wale walioviuza. Mchongaji hodari wa Kaloleni akivitazama anaweza kutambua mkono na mtindo, na mfasiri wa nyota anaweza kusema ni wazee gani wa Zohali waliokusudiwa, lakini hakuna kati yao anayeweza kukokotoa upeo usiotajwa. Kazi iliyobaki, nayo ni kazi ya dharura kwa kuwa wazee wanaokumbuka wanapungua, ni kuandika kwa kila kigango ambacho bado kimesimama jina la boma lake, la marehemu wake na la fundi aliyekichonga.