Sikio Halioni Ndani ya Kasha

Wahakiki wa amplifaya za vali, zile zinazotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya hedifoni, wana lugha tamu. Sauti ina joto. Besi inateleza kama asali. Vali zinapumua. Nimeisoma lugha hiyo kwa miaka na siidharau; ni vigumu kueleza sauti bila kukopa maneno ya ulimi na ngozi. Ugomvi wangu nao ni mwingine: mtu anaandika maneno elfu mbili bila kugusa bisibisi.

Vali haiendeshwi kwa volti tano za chaja ya simu. Ndani ya kasha, umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa DC ya volti 150, 300, hata 400. Kwenye miundo isiyo na transfoma ya kutolea sauti, kinachouzuia umeme huo usifike kwenye hedifoni ni kapasita moja kwa kila sikio. Kapasita hiyo ikipiga shoti, volti zinazoweza kukaribia mia hushuka kwenye waya uliovaa kichwani. Kapasita kubwa za pawa nazo hubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa, isipokuwa fundi ameweka rezista ya kuinyonya, ambayo bei yake haizidi ya soda.

Jamaa yangu aliagiza moja kutoka ng'ambo kwa pesa ya kununua pikipiki. Niliifungua. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Rezista ya kunyonya chaji haikuwepo. Kapasita ya volti 250 ilikuwa imewekwa mahali ambapo mita yangu ilisoma 310. Na sauti? Ilikuwa nzuri sana, kama uhakiki ulivyosema.

Hapo ndipo uhakiki wa masikio peke yake unaposhindwa. Ethi isiyoshika haibadilishi besi. Kapasita iliyozidiwa inaweza kuimba vizuri hadi siku inapokufa. Kwa hiyo sifa zote zile zinaweza kuwa za kweli, na bado zikampeleka msomaji kwenye hatari.

Watetezi husema hivyo ndivyo kazi ya mkono ilivyo, ina kasoro zake. Hapo wanawatukana mafundi. Fundi redio aliyezoea vali hupima chaji kabla ya kushika kitu, na mkono mmoja huuweka mfukoni ili umeme usipite kifuani. Kwake usalama ni sehemu ya ustadi wenyewe.

Basi mhakiki ageuze kasha. Atuonyeshe picha ya tumbo lake, aseme ethi imeshika wapi, na baada ya kuchomoa plagi chaji inaisha kwa sekunde ngapi. Mtengenezaji akikataa lisifunguliwe, hilo nalo liandikwe, tena kwenye aya ya kwanza, kabla ya asali.