Mtambikaji au Kuhani? Biblia ya Roehl Mbele ya Msikiaji wa Uzaramo

Mzee mmoja wa usharika ulioko pembezoni mwa Temeke, Mzaramo aliyezaliwa upande wa Maneromango, alitujia na Biblia ya marehemu baba yake. Jalada lake limekwisha kuanguka na kurasa za Mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini Waraka kwa Waebrania umesalimika. Alifungua sura ya tano, akaweka kidole juu ya neno moja, akasema: "Baba Mchungaji, ukoo wangu wananiita Jumamosi twende makaburini tukatambike. Miaka yote nimekataa. Lakini humu Bwana Yesu mwenyewe ni mtambikaji mkuu. Ninyi mkisoma kanisani mnasema kuhani. Ni nani aliyelibadili?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tumerudi kuisoma tena Biblia ile, nayo makala haya ni tunda la kusoma huko.

Kitabu alichokishika mzee ni tafsiri ya Karl Roehl, mmisionari wa Bethel aliyefanya kazi Usambara na kuchapisha sarufi ya Kisambaa mwaka 1911. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Kabla yake zilikuwako Biblia ya Unguja ya mwaka 1891, iliyoanzishwa na Askofu Steere, na ile ya Mombasa ya mwaka 1914 kwa Kimvita. Roehl hakuridhika na yoyote kati ya hizo. Mwaka 1930, katika jarida la "Africa", alidai kwamba Kiswahili cha pwani kimelemewa na maneno ya Kiarabu, kwamba watu wa bara hawayaelewi vema, na kwamba lugha ya namna hiyo inaufungulia Uislamu mlango. Dawa yake ilikuwa kuyaondoa na kuyarudisha maneno ya Kibantu. Mwaka uliofuata Kanoni Broomfield wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alimjibu katika jarida hilohilo, akishikilia kwamba maneno hayo yamekwisha kuwa mali ya Waswahili. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilifuata njia ya Broomfield, na ya Roehl ikabaki kabatini kwa wazee.

Wengi wanaomdharau Roehl hawajamsoma. Tunasema hivi kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao. Sentensi yake ina mwendo wa msimulizi aliyeketi kigodani. Anapofikia hadithi za wafalme au mifano ya Yesu, msikiaji haachwi njiani. Hofu yake juu ya Uislamu, kwa upande mwingine, haina uzito. Jina la Kiswahili lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la pwani! Jirani zetu wa Mbagala husema imani, neema, rehema na baraka, nasi twasema hivyo hivyo, wala hatujaona Mkristo aliyepotea kwa sababu ya neno "neema".

Hasara inaonekana zaidi anapoondoa "dhambi". Wenye dhambi kwake huwa wakosaji. Sasa, mtu akikukanyaga mguu ndani ya daladala atasema, "Samahani, nimekosa." Mafundisho ya Luther juu ya mwanadamu aliye mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja hayawezi kubebwa na neno ambalo abiria hulimaliza kabla ya kituo kinachofuata.

Lakini mtambikaji ni jambo jingine. Roehl alipotafuta neno la Kibantu la kuhani, hakuunda neno chumbani mwake, alilikuta likiishi. Tambiko kwa Mzaramo ni jambo la nyumbani kabisa: mkubwa wa ukoo husimama kaburini, huweka unga na maji, huwataja wafu kwa majina yao na kuwaombea walio hai afya na mvua. Yeye husimama katikati ya pande mbili. Mtu aliyemwona babu yake akifanya hivyo hahitaji kufafanuliwa maana ya Walawi. Anajua kwamba kuna deni, na kwamba yuko anayetumwa kwenda kulisemea.

Tena tusidhani kwamba "kuhani" ni neno safi. Kwa Kiarabu "kahin" ni mwaguzi, mtu wa majini na ramli, na Kurani inakana kwa nguvu kwamba Mtume ni mtu wa namna hiyo (52:29, 69:42). Katika mitaa yetu kipaza sauti cha kanisa husikika hadi barazani kwa Mwislamu aliyesoma. Tunapotangaza kwamba Yesu ni kuhani mkuu, sikio lake linaweza kupokea mwaguzi mkuu. Basi neno moja limeegemea kaburini na jingine limeegemea kwenye ramli. Wafasiri wa Muungano hawakuikimbia hatari. Walihama tu kutoka hatari moja kwenda nyingine, nasi tumelizoea neno lao hata hatulisikii tena.

Shida hii si ya Uzaramo peke yake. Huko Meksiko, katika karne ya 16, watawa Wafransisko waliihubiri Injili kwa Kinahuatl, lugha iliyokuwa ya dola ya Waazteki na ambayo hata leo ina wasemaji zaidi ya milioni moja na nusu, wenye lahaja nyingi zinazotofautiana mno. Kwa Mungu waliogopa, wakaleta neno la Kihispania "Dios". Kwa padri walithubutu: walichukua "teopixqui", mtunzaji wa mungu, jina la watumishi wa mahekalu ya kale. Kwa dhambi walichukua "tlatlacolli", yaani kitu kilichoharibika, na wataalamu wangali wanabishana kama Wanahua walisikia dhambi au walisikia uharibifu tu. Lakini Bernardino de Sahagún, aliyefika huko mwaka 1529, alifanya jambo moja ambalo twaona lilikosekana kwetu. Aliwaketisha wazee wa Kinahua, akawauliza juu ya miungu, mazishi, dawa na methali, na vijana waliosoma chuoni Tlatelolco wakaandika majibu kwa lugha ya wazee wenyewe, hata vikapatikana vitabu 12.

Sisi je? Misheni ya Berlin iliingia Dar es Salaam mwaka 1887, na katika miaka ya 1890 ikajenga Kisarawe na Maneromango. Mwaka 1897 Worms alichapisha sarufi ya Kizaramo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Klamroth alikusanya mawazo ya Wazaramo juu ya Mungu na mizimu, akayachapisha, ila kwa Kijerumani. Baadaye Marja-Liisa Swantz aliishi Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, na kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya mwali na mti wa mkole kingali mwalimu wetu. Nacho ni cha Kiingereza. Maarifa yalikuwako. Mzee wa Maneromango hakuweza kuyasoma, wala ibada yetu haikuyahitaji, kwa kuwa Kanisa lilikwisha kuchagua Kiswahili. Hatuulaumu uchaguzi huo, maana umeweka Mzaramo, Mchaga na Mnyakyusa katika benchi moja. Lakini Kizaramo, pamoja na ndugu zake Kikwere, Kikutu na Kiluguru, kilibaki ngomani, unyagoni na makaburini, yaani mahali palepale ambapo Kanisa lilisema halina neno.

Hapo ndipo kosa la Roehl tunalolilaumu zaidi. Alitaka Ubantu wa lugha bila kuuliza neno linafanya kazi gani kwa wenye nalo. Kumwita Kristo mtambikaji ni kuingia makaburini. Aingiaye humo hana budi kusema kilichobadilika humo, na tafsiri peke yake haisemi. Ni kazi ya mahubiri, nayo haikufanywa. Wafasiri wa mwaka 1952 waliliondoa neno, na swali likaondoka pamoja nalo, isipokuwa kwa wachache walioihifadhi Biblia ya baba.

Tulimrudia yule mzee kwake siku ya Ijumaa. Tulisoma naye Waebrania 7:27, kwamba huyu hana haja ya kutoa kila siku, kwa maana alijitoa nafsi yake mara moja. Alinyamaza kitambo, akauliza jinsi ya kuwaambia jambo hilo ndugu zake kwa Kizaramo, maana pale kaburini hakisemwi Kiswahili. Sisi wenye shahada tulitazamana. Akacheka, akasema atajaribu mwenyewe.

Alikwenda Jumamosi. Hakugusa unga, lakini alisimama pamoja nao na kusema. Alipotusimulia baadaye alieleza kwa Kiswahili, na neno alilotumia lilikuwa mtambikaji.