Msikiti Mkuu wa Kilwa kwa Macho ya Mjenga Tembe

Katika masomo ya historia ya taifa letu liko jengo ambalo hutajwa kila mwaka na ni nadra kutazamwa. Nalo ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Mwanafunzi wa sekondari wa Singida, Iramba au Manyoni huweza kutaja masultani wa Kilwa, dhahabu ya Sofala, na mwaka 1505 ambapo Wareno waliuteka mji. Lakini akiulizwa paa la msikiti huo lilibebwa na nini, atanyamaza. Kwake yeye, magofu yale ni mali ya watu wa pwani, na pengine hata si ya watu wa pwani bali ya wageni waliovuka bahari wakayajenga na kuondoka. Makala haya yanaupinga mtazamo huo, na yanaupinga kwa kulitazama jengo lenyewe. Mtu aliyelelewa katika tembe anayo tayari sehemu kubwa ya elimu inayohitajiwa ili kulihukumu jengo la Kilwa, maana swali walilokabiliana nalo mafundi wa pande zote mbili ni moja: namna ya kulibeba paa zito juu ya vichwa vya watu wengi.

Tuanze na tembe. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo waliishi katika nchi yenye mvua chache, upepo mwingi na miti isiyorefuka sana. Paa lao lilikuwa tambarare. Nguzo zenye panda zilichimbiwa chini. Juu ya panda zikalazwa boriti, juu ya boriti zikapangwa fito, kisha nyasi, na mwisho udongo mzito uliozuia joto la mchana na baridi ya usiku. Uzito huo wote haukuachiwa ukuta. Ukuta wa tembe ni wa kukinga. Wenye kubeba ni nguzo. Ndiyo sababu nyumba haikupanuka ovyo: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, na aliyetaka nafasi zaidi aliongeza safu ya nguzo au aliirefusha nyumba.

Sasa tuingie katika sehemu ya kaskazini ya msikiti wa Kilwa, iliyo kongwe kuliko sehemu nyingine zote, ambayo misingi yake ni ya karne ya 11 au ya 12. Ulikuwa ukumbi wenye nguzo tisa, zilizoligawa eneo lake katika miraba 16, na paa lake lilikuwa tambarare. Katika kipindi kimoja cha maisha yake nguzo hizo zilikuwa za mti. Hapakuwa na ua wa wazi katikati, kama ulivyo katika misikiti mingi mikuu ya Arabuni, Misri na Uajemi; wala hapakuwa na mnara. Waumini wote walikuwa chini ya paa moja, wakielekea kaskazini iliko Makka. Mambo ya kuta ni ya bahari: matumbawe yaliyovunjwa mwambani, na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya marundo ya magogo. Lakini kanuni ya paa, yaani boriti juu ya nguzo, safu kwa safu, mtu wa Singida hana haja ya kufundishwa. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili havizidi sana mita tatu kwa upana, kwa sababu boriti ya mkoko haikubali zaidi ya hapo.

Sisemi kwamba fundi wa Kilwa alijifunza kwa Mnyaturu, wala Mnyaturu kwa fundi wa Kilwa. Hoja ya namna hiyo ni ya kitoto. Ninasema kwamba akili iliyoujenga ukumbi ule si ngeni katika ardhi hii. Neville Chittick, aliyeanza kuchimba Kilwa mwaka 1958 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliuita mji huo mji wa biashara wa Kiislamu, na kwa hilo alisema kweli. Ila wengi waliomsoma walitoka na picha ya koloni la wageni. Uchimbaji wa baadaye umeirekebisha picha hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton aliuchimba msikiti wa mawe katika miaka ya 1980, akakuta chini yake misikiti iliyoutangulia, na ile ya awali, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Jiwe lilikuja baadaye, likashika nafasi ya mti. Mwanaakiolojia wetu Felix Chami naye ameonyesha kwa vyungu na vigae kwamba jamii za kilimo na ufuaji chuma zilikuwapo pwani karne nyingi kabla ya masultani. Hata hivyo tusivuke mpaka wa haki. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta katika mifupa ya watu wa miji ya kale ya pwani damu ya mama wa Kiafrika na ya baba wengi wa asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi, basi, hayakuwa uzushi mtupu.

Dini ya jengo, kwa vyovyote, si kipimo cha kutosha cha nani alilijenga wala kwa ustadi gani. Mjini Toledo, Hispania, liko sinagogi la zamani lililogeuzwa kanisa katika karne ya 15, ambalo leo hujulikana kama Santa María la Blanca. Lilijengwa kwa ajili ya Wayahudi, lakini nguzo zake za pembe nane zilizopakwa lipu na matao yake ya mtindo wa kiatu cha farasi ni kazi ya mkono uliozoea misikiti. Mafundi hujenga kama wajuavyo kujenga mahali walipo.

Turudi Kilwa, maana ubora na udhaifu wa msikiti huu uko katika sehemu ya kusini. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, aliuongeza msikiti mara kadhaa kuliko ulivyokuwa. Dhahabu ilikuwapo, na sifa ilitafutwa. Ibn Batuta alifika mwaka 1331, akausifu mji, akasifu pia ukarimu wa sultani ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Katika kiungo hicho kipya paa tambarare liliachwa. Zikaja kuba, na nguzo zilizochongwa kila moja kutoka katika jiwe moja la tumbawe.

Hapa ndipo mjenga tembe angetikisa kichwa. Paa tambarare hukandamiza kuelekea chini tu, na nguzo iliyosimama wima huvumilia. Kuba na tao husukuma pia kuelekea nje, kama mtu aketiye kati ya watu wawili na kutanua viwiko. Nguzo nyembamba ya kipande kimoja, hata ikiwa imechongwa kwa uzuri wa kupendeza macho, haina mwili wa kuupinga msukumo huo. Jengo lilianguka. Tarihi ya Kilwa, iliyotufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa muhtasari wa João de Barros uliotolewa mwaka 1552, yasimulia kwamba kwa muda mrefu watu walisali chini ya vivuli vya muda tu. Kwa maoni yangu al-Hasan alikuwa mteja mkuu wa ujenzi kuliko alivyokuwa mwamuzi wake. Alinunua umbo ambalo mafundi wake walikuwa bado hawajalimiliki.

Aliyelimiliki ni kizazi cha baadaye. Katika karne ya 15, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, sehemu ya kusini ilijengwa upya, na hiyo ndiyo tunayoiona leo. Nguzo si tena za jiwe moja: ni nene, za pembe nane, zimejengwa kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Juu yake zimepangwa kuba zikipokezana na mapaa marefu ya mviringo, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, na kila moja hulipinga jirani yake. Waandishi wengi husifu zaidi karne ya 14 kwa sababu ya utajiri wake. Mimi naipa tuzo ya 15. Hazina ilikuwa imepungua, lakini fundi alikuwa amejifunza kutokana na kifusi, na kazi yake imesimama miaka karibu 600, ikiwemo mingi ambayo hapakuwa na mtu wa kuitunza.

Yaliyofuata yajulikana: Wareno, kisha kudorora, kisha uhai mfupi wa karne ya 18. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Mwalimu wa Singida hana nauli ya kulipeleka darasa zima Kilwa. Lakini tangu vijiji vya miaka ya 1970, na mabati yaliyofuata, tembe nazo zimezidi kupungua. Palipo na moja iliyosalia, wanafunzi waende na kamba. Wapime umbali wa nguzo hadi nguzo, wahesabu miraba, wamwulize mwenye nyumba kwa nini hakuipanua zaidi. Kisha wafungue ramani ya msikiti wa Kilwa, waanze na nguzo tisa za kaskazini, kabla ya kusoma jina la sultani yeyote.